Jinsi ya kukata maneno marefu ya Kijerumani na kupanga sentensi bila kupotea

Maswali ni yale yale kila siku. Hili neno mbona kwenye kamusi halipo? Kwanini mwalimu kanikatia maksi kwenye "heute ich gehe" (leo mimi naenda) wakati maneno yote nimeandika sahihi? Mbona sentensi ilikuwa imeshaisha alafu kuna kitenzi kingine kimekaa huko mwishoni peke yake? Anayeuliza ni nesi anayetafuta Ausbildung (mafunzo ya kazi ya Ujerumani), ni mtu anayemfuata mwenza wake na anatakiwa cheti cha A1, kiwango cha kwanza kabisa cha lugha, kwa ajili ya viza, ni Mkenya aliyesikia habari za makubaliano ya kazi yaliyosainiwa Berlin Septemba 2024 akaamua naye ajaribu. Wote wanakwama sehemu zile zile mbili: neno refu, na mahali kitenzi kinapokaa.

Kwa hiyo hapa tunamaliza hizo mbili tu. Sitaongelea Akkusativ na Dativ (jinsi der, die, das zinavyobadilika ndani ya sentensi) isipokuwa pale inapolazimu, hizo zina siku yake. Kitu kimoja ukishike toka sasa hivi: Kijerumani kinaficha maana mwishoni. Mwisho wa neno, mwisho wa sentensi. Anayesoma kuanzia kushoto huku anatafsiri neno moja moja anaumia bure.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA HUJAANZA

Daftari na peni mbili za rangi tofauti. Najua unataka kutumia simu, lakini hii kazi ya kukata maneno na kupigia mistari vitenzi mkono unaishika haraka kuliko macho.

Kibodi ya Kijerumani kwenye simu, unaiongeza kwenye mipangilio ya kibodi yako bila kulipa chochote. Usiandike o ukimaanisha ö, maana schon ni "tayari" na schön ni "nzuri", na mtihani haukuonei huruma. Kama uko kwenye kompyuta isiyo na hizo herufi andika ae, oe, ue, na ss badala ya ß, hiyo inakubalika.

Kamusi mbili za mtandaoni za bure. Ya kwanza Duden, hiyo ndo kamusi Wajerumani wenyewe wanaikimbilia wakibishana, Konrad Duden alitoa ya kwanza mwaka 1880. Ya pili DWDS, na hii naipenda zaidi kwa kazi yetu kwa sababu ina sehemu inaitwa Wortzerlegung inayokuonyesha neno limeunganishwa na nini na nini. Angalizo: kwenye Duden utaona Kran|ken|haus imekatwa na vimistari, hivyo ni vya silabi tu, vya kujua ukifika mwisho wa mstari neno unalikatia wapi. Sio mipaka ya maana. Watu wengi wanadanganyika hapo alafu wanaanza kutafuta "ken" ni kitu gani.

Na uwe umeshagusa A1 kidogo, yaani unajua der, die, das zipo na unaweza kusema ich bin, du bist, er ist.

HATUA YA 1: LIKATE NENO KUANZIA NYUMA

Chukua Krankenversicherungskarte. Usianze kushoto. Nenda mwisho kabisa utafute kipande unachokijua: Karte, kadi. Rudi nyuma: Versicherung, bima. Rudi tena: Kranken, wagonjwa. Sasa soma hivyo hivyo kutoka nyuma huku unaweka ya, wa, la, cha kati yao: kadi ya bima ya wagonjwa. Ndo kadi ya bima ya afya, ile wanayokudai mapokezi ukienda kwa daktari.

Umeona ilivyo? Sisi tunataja kitu kwanza alafu tunakieleza, wao wanaeleza weee mpaka mwisho ndo wanakitaja. Kwa hiyo sisi Waswahili tuna bahati, neno la Kijerumani ukiligeuza linakaa kwenye Kiswahili bila kulazimisha.

Jaribu kubwa zaidi: Fachkräfteeinwanderungsgesetz. Hii ni sheria kabisa, ilianza kutumika tarehe 1 Machi 2020, na kama unaenda kufanya kazi Ujerumani inakuhusu. Gesetz, sheria. Einwanderung, uhamiaji wa kuingia. Fachkräfte, wafanyakazi wenye ujuzi. Sheria ya uhamiaji wa wafanyakazi wenye ujuzi. Hakuna uchawi.

Na lile neno watu wanalorusha kila mara kuchekeshana, Rindfleischetikettierungsüberwachungsaufgabenübertragungsgesetz, herufi 63, lilikuwa jina la sheria ya jimbo la Mecklenburg-Vorpommern iliyofutwa mwaka 2013. Kata nyuma: sheria (Gesetz) ya kukabidhi (Übertragung) majukumu (Aufgaben) ya kusimamia (Überwachung) uwekaji lebo (Etikettierung) wa nyama ya ng'ombe (Rindfleisch). Hapo umesoma neno ambalo hata Mjerumani anavuta pumzi kabla hajalitamka.

Kosa la kawaida: mtu anachukua neno zima anapesti kwenye mashine ya kutafsiri, anapata jibu, anaendelea. Kesho anakutana na Versicherungsnummer anaanza upya wakati Versicherung aliiona jana. Ukikata, kila neno refu linakuachia maneno matatu manne mkononi.

HATUA YA 2: UHUSIANO WA VIPANDE UNAUTAFUTA MWENYEWE

Neno linakupa vipande ila halikwambii vinahusianaje. Olivenöl ni mafuta yanayotokana na zeituni. Babyöl ni mafuta ya kumpaka mtoto, na tunashukuru Mungu hayatokani na mtoto. Kwa hiyo baada ya kukata tumia akili ya kawaida na maneno yaliyo jirani.

Na usichezee mpangilio. Kartenspiel ni mchezo wa karata, Spielkarte ni karata yenyewe, ile moja uliyoshika. Orangensaft ni juisi ya chungwa, Saftorange ni chungwa la kukamua. Ukigeuza umetaja kitu kingine.

HATUA YA 3: DER, DIE, DAS IANGALIE MWISHO PIA

Hapa watu wanajitesa. Wanakariri artikeli (hizo der, die, das) ya kila neno refu kama kitu kipya wakati kazi ishafanyika: kipande cha mwisho ndo kinaamua, vya mbele havina kauli. Das Haus, die Tür, basi ni die Haustür. Der Tisch, die Decke, basi die Tischdecke. Wingi nao unaubadilisha mwisho tu: das Krankenhaus, die Krankenhäuser.

Alafu kuna viambishi vya mwisho ambavyo vinakuja na artikeli yake kabisa. Hivi andika ukurasa wa kwanza wa daftari:

-ung, -heit, -keit, -schaft, -tion, -tät: siku zote die. Die Wohnung, die Gesundheit, die Möglichkeit, die Freundschaft, die Universität.

-chen na -lein, za kupunguza ukubwa: das. Das Brot ni mkate, das Brötchen ni kale kamkate ka asubuhi. Ndo maana das Mädchen, msichana, ni das, wala usitafute sababu nyingine kwenye jinsia, ni -chen imefanya hivyo.

-er ya mtenda: der. Fahren kuendesha, der Fahrer dereva. Ni kama sisi tunavyotoka kwenye soma tunaenda msomaji. Mwanamke unaongeza -in: die Fahrerin, wengi die Fahrerinnen. Ila angalia, sio kila -er ni mtenda. Das Fenster, das Zimmer, die Mutter, hizo zimezaliwa hivyo.

Kitenzi kizima kikiandikwa kwa herufi kubwa kinakuwa nomino na ni das. Das Essen, das Rauchen. Sisi tunafanya hivyo hivyo na ku-, kula, kuvuta sigara. Kwa hiyo ukiona herufi kubwa katikati ya sentensi jua hapo kuna nomino, maana Kijerumani nomino zote zinaandikwa kwa herufi kubwa, sio majina ya watu tu. Huo ni msaada mkubwa wakati wa kusoma na kosa la haraka sana wakati wa kuandika.

Kwenye vivumishi zitazame mbili tatu. -bar ni ile -ika yetu: lesbar kinachosomeka, essbar kinacholika, machbar kinachofanyika. -los ni "bila": arbeitslos asiye na kazi, kostenlos bila gharama, yaani bure. Un- mbele inakanusha: klar, unklar.

HATUA YA 4: HERUFI ZA KUUNGANISHIA

Ile s kwenye Versicherungskarte haina maana yoyote, ni ya kuunganisha tu. Usiitafute kwenye kamusi. Ila inakusaidia sana: ukiona -ungs-, -heits-, -keits-, -schafts-, -tions-, -täts- katikati ya neno, hapo ndo pa kukata. Wohnungs|tür. Gesundheits|amt. Peni nyekundu hapo.

Zipo nyingine: -n au -en (Sonnenblume, Krankenhaus), -er (Kinderzimmer), -e (Hundehütte), na mara nyingine hakuna kitu (Haustür). Ukiunganisha kitenzi na nomino unachukua shina la kitenzi: schlafen na Zimmer inakuwa Schlafzimmer, waschen na Maschine inakuwa Waschmaschine.

Kanuni kamili haipo, usihangaike nayo. Arbeit inachukua s kwenye Arbeitsvertrag, mkataba wa kazi, alafu kwenye Arbeitgeber, mwajiri, haichukui. Nyama ya nguruwe ya kuoka Ujerumani kaskazini ni Schweinebraten, ukienda Austria ni Schweinsbraten. Kama wenyewe hawajakubaliana wewe unakosaje usingizi? Baada ya hivyo viambishi sita weka s, kwingine angalia Duden.

Ah, na ukikutana na Schifffahrt yenye f tatu sio kosa la uchapaji. Schiff na Fahrt, na tangu mabadiliko ya tahajia ya 1996 zote tatu zinabaki.

HATUA YA 5: VITENZI VYENYE KIPANDE KINACHOKATIKA

Hapa tunatoka kwenye neno tunaingia kwenye sentensi, na ndo hapa wengi wanapoachia.

Anrufen ni kupiga simu. Ukiitumia inakatika, an inakimbilia mwisho: Ich rufe dich morgen nach der Arbeit an. Yaani ukisikia "ich rufe dich" bado hujui anafanya nini, subiri amalize. Ndivyo ilivyo kwa aufstehen (kuamka), einkaufen (kufanya shopingi), ausfüllen (kujaza fomu), abfahren (kuondoka, la basi au treni), mitkommen (kuja pamoja). Kwenye usafiri jua hizi tatu: einsteigen kupanda, aussteigen kushuka, umsteigen kubadilisha.

Visivyokatika ni hivi vinane, kariri: be-, emp-, ent-, er-, ge-, miss-, ver-, zer-. Ich verstehe dich nicht. Huwezi kusema "ich stehe dich nicht ver". Na kiambishi kinaweza kugeuza maana kabisa, kaufen ni kununua, verkaufen ni kuuza, ukichanganya hizo mbili sokoni utaona.

Utajuaje kwa sikio? Kinachokatika kinatamkwa kwa mkazo mbele: ANrufen, AUFstehen. Kisichokatika mkazo unaruka: verSTEHen. Na kuna vichache vinafanya yote mawili na hapo kaa macho: UMfahren ni kugonga kitu ukakiangusha, umFAHRen ni kukizunguka. Ich fahre den Baum um, naugonga mti nauangusha. Ich umfahre den Baum, naupita pembeni. Kwenye somo la leseni ya udereva ni tofauti ya msingi kabisa.

Wakati uliopita ge inaingia katikati: angerufen, aufgestanden. Na zu pia: anzurufen, aufzustehen. Visivyokatika havichukui ge kabisa: verstanden, verkauft.

HATUA YA 6: KITENZI NAFASI YA PILI, HAKIHAMI

Sentensi kuu ya kawaida kitenzi kilichonyambuliwa, yaani kile kinachobadilika kumfuata mtenda, kinakaa nafasi ya pili. Ichukulie kama kiti cha dereva kwenye daladala, abiria wanabadilishana viti wanavyotaka ila dereva haondoki pale.

Ich gehe morgen zum Arzt.
Morgen gehe ich zum Arzt.
Zum Arzt gehe ich morgen.

Zote tatu sahihi. Kisichowezekana ni "Morgen ich gehe zum Arzt". Sisi tunakosea hapa kwa sababu kwetu "kesho mimi naenda" haina tatizo lolote, na ukisema "kesho naenda" mtenda yuko ndani ya kitenzi tayari, hatujazoea kumvusha ng'ambo ya kitenzi. Kwa hiyo ukianza na heute (leo), morgen (kesho), gestern (jana), dann (kisha), leider (kwa bahati mbaya), jizoeze mdomo ukimaliza hilo neno kitenzi kitoke hapo hapo. Dann gehe ich. Leider habe ich. Heute muss ich. Yasemee kwa sauti mpaka uchoke, hata ukiwa unaosha vyombo.

Nafasi sio neno moja. "Am Montag um acht Uhr" ni nafasi moja: Am Montag um acht Uhr gehe ich zum Arzt. Jiulize tu hilo fungu linajibu swali moja? Lini? Basi ni nafasi moja.

Viunganishi vitano havihesabiwi kabisa: aber (lakini), denn (kwa sababu), und (na), sondern (bali), oder (au). Herufi zao za kwanza zinatoa ADUSO. Baada ya hivyo unaanza kuhesabu upya: Ich bin müde, aber ich gehe zur Arbeit. Lakini deshalb (kwa hiyo) na trotzdem (hata hivyo) zinahesabiwa, zinakaa nafasi ya kwanza: Ich bin krank, deshalb bleibe ich zu Hause. Hapo ndo maksi zinapovuja kwenye Schreiben, sehemu ya kuandika, ya mtihani wa B1.

Swali la ndiyo au hapana kitenzi kinaenda mbele kabisa: Kommst du morgen? Amri pia: Komm bitte! Swali lenye wer (nani), was (nini), wo (wapi), wann (lini) kitenzi kinabaki pili: Wann kommst du?

HATUA YA 7: FUNGUA MABANO, FUNGA MABANO

Ukiwa na vitenzi viwili, au kitenzi kimoja kilichokatika vipande viwili, cha kwanza kinakaa nafasi ya pili, cha pili kinaenda mwisho kabisa, na mengine yote yanaingia katikati. Wajerumani wenyewe wanaita Satzklammer, mabano ya sentensi.

Ich muss morgen um sechs Uhr im Krankenhaus arbeiten.
Ich habe gestern mit meiner Mutter telefoniert.
Der Zug fährt um acht Uhr von Gleis drei ab.

Zoezi: chukua maandishi yoyote, peni ya bluu piga mstari chini ya kitenzi nafasi ya pili, alafu ruka moja kwa moja mpaka kwenye nukta uone mwisho kuna nini. Arbeiten? Telefoniert? Ab? Unganisha hivyo viwili kwanza. Cha katikati soma baadaye.

Wakati wa kuandika fanya vile vile, andika ufunguzi na ufungaji alafu ujaze kati. Mpangilio wa katikati unaweza kufuata TeKaMoLo, yaani lini, kwa sababu gani, vipi, wapi: Ich fahre morgen wegen der Prüfung mit dem Bus nach Nairobi. Sio sheria ya chuma ila ukiifuata hutachekwa.

HATUA YA 8: SENTENSI TEGEMEZI, KITENZI MWISHO

Maneno haya yakiingia yanakisukuma kitenzi mwisho: weil (kwa sababu), dass (kwamba), wenn (kama, kila wakati), ob (kama, ya swali), obwohl (ingawa), als (wakati, uliopita mara moja), bevor (kabla), nachdem (baada ya), damit (ili).

Ich komme nicht, weil ich krank bin.
Ich glaube, dass er morgen kommt.

Ile koma sio pambo. Ni lazima, na kwako msomaji ni alama ya kwamba kuna kitenzi kinakusubiri huko mbele.

Vitenzi vikiwa viwili, kile ambacho kingekuwa nafasi ya pili ndo kinakuwa cha mwisho kabisa: weil ich arbeiten muss, weil ich gestern gearbeitet habe. Na kile kinachokatika kinaungana tena: weil ich um fünf Uhr aufstehe. Sio "weil ich stehe um fünf Uhr auf".

Sentensi tegemezi ikitangulia, yote kwa ujumla inahesabiwa nafasi ya kwanza, kwa hiyo baada ya koma kinakuja kitenzi hapo hapo: Weil ich krank bin, bleibe ich zu Hause. Kitenzi, koma, kitenzi. Ukiona "bin, bleibe" vimegusana umepatia.

Tahadhari mbili. Wann ni "lini" ya kuuliza, usiitumie kumaanisha "wakati": Wenn ich Zeit habe, sio "wann ich Zeit habe". Na utasikia Wajerumani wakiongea wanasema "weil, ich hab keine Zeit" na kitenzi katikati. Wanasema kweli. Kwenye mtihani usiandike.

HATUA YA 9: AMBAYE, AMBACHO

Hii kwetu nyepesi kuliko wanavyotutisha. Sisi tunasema mtu ambaye, kitu ambacho, tunafuata ngeli ya nomino. Wao wanafuata der, die, das alafu kitenzi kinaenda mwisho: Der Mann, der dort sitzt, ist mein Bruder. Das Formular, das ich ausfülle. Kitu kinachoongezeka ni kwamba akiwa anatendwa kule ndani, der inakuwa den: Der Mann, den ich gestern gesehen habe. Basi.

HATUA YA 10: IWEKE YOTE KWENYE BARUA

Barua za ofisi zao ziko hivi:

Wir bitten Sie, das beigefügte Antragsformular vollständig ausgefüllt und unterschrieben bis zum 15. März zurückzusenden, da wir Ihren Antrag sonst nicht bearbeiten können.

Usitetemeke. Anza na koma, zinakata vipande vitatu. Cha kwanza: Wir bitten Sie, tunakuomba. Cha pili nenda mwisho wake: zurückzusenden, yaani zurück na zu na senden, kurudisha. Kurudisha nini? Antragsformular, kata nyuma, fomu ya maombi, na beigefügte ni "iliyoambatanishwa". Iweje? Vollständig ausgefüllt und unterschrieben, imejazwa yote na kusainiwa. Lini? Bis zum 15. März. Cha tatu kinaanza na da, ndugu yake weil, kwa hiyo rukia mwisho: bearbeiten können, na nicht iko jirani, hatuwezi kushughulikia. Nini? Ihren Antrag, maombi yako. Sonst, la sivyo.

Tunakuomba urudishe fomu ya maombi iliyoambatanishwa ikiwa imejazwa yote na kusainiwa kabla ya tarehe 15 Machi kupita, la sivyo hatutaweza kushughulikia maombi yako. Na ukiangalia tena, aliyesoma kushoto kwenda kulia angefika kwenye März bado hajui anatakiwa afanye nini na hiyo fomu.

UKIKWAMA

Nimekata neno ila maana haiji. Labda umekata pabaya. Staubecken ikikatwa Stau-becken ni bwawa la kuzuia maji, ikikatwa Staub-ecken ni kona za vumbi. Blumentopferde ni udongo wa chungu cha maua, Blumentopf-erde, ila wanafunzi wote wanaona Pferde wanaanza kutafuta farasi. Sogeza mkato herufi moja au mbili kushoto au kulia ujaribu tena.

Kuna kistari kinaning'inia, kama "An- und Abreise". Hapo wamebana matumizi, ni Anreise und Abreise, kufika na kuondoka. Kipande kilichokosekana kichukue kwenye neno linalofuata.

Kitenzi nimekiangalia kwenye kamusi na maana haiendani na sentensi. Hujaangalia mwisho. Umesoma "hört" ukaweka "kusikia" wakati mwishoni kulikuwa na auf, na aufhören ni kuacha. Der Regen hört auf, mvua inakata.

Nikiongea nikishasema weil kitenzi kinanitoka katikati. Mtihani wa kuongea ukiwa kesho tumia denn badala yake, maana ile ile na kitenzi hakihami: Ich komme nicht, denn ich bin krank. Ila jizoeze weil kwa sentensi fupi fupi za maneno matatu manne, weil ich lerne, weil ich arbeite, weil ich müde bin, kabla ya kuzirefusha.

Nicht naiweka wapi? Ukikanusha sentensi nzima iweke karibu na mwisho, kabla ya kile kinachofunga mabano: Ich komme heute nicht. Ich kann heute nicht kommen. Ich rufe dich heute nicht an. Kama unakanusha nomino yenye ein au isiyo na artikeli sio nicht, ni kein: Ich habe kein Auto, ich habe keine Zeit.

Nataka kutunga neno langu mwenyewe refu, naruhusiwa? Unaruhusiwa, Wajerumani wanatunga kila siku na haliwi kosa kwa sababu tu halipo Duden. Ila kwa mtihani baki kwenye vipande viwili, na artikeli uichukue ya kile cha mwisho.